Fomu ya Mtoto, Mkono wa Nani?

Kila ukoo una mtu wa fomu. Ndiye anayepigiwa simu eCitizen ikigoma, anayejua HELB wanataka stakabadhi gani, anayekumbuka nywila za watu watatu. Si lazima awe ndiye aliyesoma kuliko wote. Ni yule tu asiyeogopa tovuti. Kwetu mtu huyo ni mimi. Najaza, natuma, naambiwa "Mungu akubariki," kisha narudi kwa shughuli zangu. Ni kazi isiyo na utata mkubwa, mpaka ije fomu inayomuuliza mwenyewe: wewe ni nani?

Mwaka huu fomu ya aina hiyo imefika kwetu. Mpwa wangu alifanya KCSE Novemba iliyopita akapata A-, na tangu matokeo yatoke ana wazo moja kichwani: kusomea Marekani kwa ufadhili kamili. Mamake, dadangu mkubwa, ana duka dogo la rejareja huku Eastlands. Pesa za Marekani hana, na njia ya kufika huko haijui. Akaulizia, akaelekezwa kwa ajenti mmoja mjini. Jioni hiyo akanipigia.

"Wanataka elfu themanini na tano. Wewe ungelipa?"

"Inategemea wanafanya nini."

"Kila kitu. Wanachagua vyuo, wanaandika hiyo insha, wanamfundisha vile atajibu akiitwa intavyu."

"Insha wanaandika wao?"

"Si ndiyo kazi yao? Halafu kitu kingine. Huyo jamaa aliniuliza kama kuna mtu amekufa kwa familia."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo najua wengi wenu mtaulizwa, kama bado hamjaulizwa na mdogo wako, binamu au mtoto wa jirani. Kijana anapotafuta chuo, mtu mzima amsaidie hadi wapi? Ni wapi msaada unageuka kuwa wizi, na anayeibiwa ni nani hasa?

Tuanze na kisicho kosa. Kutafuta msaada si kosa, na kuulipia peke yake si kosa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na historia yetu ya kwenda ng'ambo kusoma imejaa vidole vya watu wengine. Barack Obama Mkubwa, babake yule rais, aliondoka Maseno bila kumaliza shule. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa karani hapa Nairobi, akifanya kazi na Mmarekani aitwaye Elizabeth Mooney, mtaalamu wa elimu ya kusoma na kuandika. Mooney na mwenzake Helen Roberts walimsaidia kusoma kwa posta, kufanya mitihani aliyoikosa, kuandikia vyuo barua, na baadaye wakamsaidia na gharama. Mwaka 1959 akapokelewa Chuo Kikuu cha Hawaii.

Septemba ya mwaka huohuo, ndege iliyopangwa na Tom Mboya ilibeba wanafunzi 81 kwenda Marekani. Mboya hakuwaambia vijana wajitafutie. Alizunguka nchi ile akiomba nafasi chuo baada ya chuo. Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier waliweka majina yao kwenye barua ya kuomba nauli. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na katika kundi la 1960 alikuwamo msichana kutoka Loreto Limuru aliyekuwa akielekea chuo kidogo cha Kikatoliki kule Atchison, Kansas. Dunia ilikuja kumjua kama Wangari Maathai.

Kwa hivyo mtu akiniambia kwamba mtoto mwerevu kweli atajifikia mwenyewe, huwa namuuliza: yupi? Nitajie mmoja. Hata wale tunaowachongea sanamu walishikwa mkono na mtu aliyejua barua inatumwa wapi.

Na si lazima twende Marekani kuona jambo hili. Angalia KUCCPS. Matokeo yakishatoka, tovuti inafunguliwa, unalipa shilingi 1,500, unapanga kozi zako. Inaonekana rahisi mpaka ukae nayo. Kila kozi ina masomo manne yanayohesabiwa na pointi zake zisizozidi 48, na pointi hizo si sawa na gredi yako ya jumla. Watu wawili wenye B+ wanaweza kuwa mbali sana katika kozi moja, kwa sababu mmoja alifanya vizuri Fizikia na mwingine Historia. Chaguo la kwanza lina uzito wake. Ukiweka udaktari mahali pote bila pointi za udaktari, unaweza kuishia kwenye kozi ambayo hukuwahi hata kuisikia.

Mtoto wa shule ya kitaifa mara nyingi amefundishwa haya kabla hajatoka. Kuna mwalimu, kuna wanafunzi wa zamani wanaorudi na suti zao kueleza. Nyumbani kuna baba aliyepitia chuo na shangazi anayefundisha chuo. Mtoto wa shule ya kutwa huku mtaani ana mwalimu mmoja wa ushauri nasaha ambaye pia ni mwalimu wa michezo, na baada ya Novemba hata huyo hamwoni tena. Mtoto huyo anaenda saiba. Jamaa wa saiba anataka kumaliza haraka maana foleni iko mlangoni. Anauliza, "Unataka nini?" Mtoto anasema hajui. Jamaa anaangalia gredi, anamwekea ualimu, anamwekea kitu cha biashara, anachapisha karatasi. Dakika kumi, miaka minne.

Sisemi jamaa wa saiba ni mtu mbaya. Amefanya alicholipwa kufanya, na pengine ndiye mtu pekee aliyekaa na huyo mtoto mbele ya hiyo tovuti. Ninachosema ni kwamba ujuzi wa fomu hurithiwa kama shamba, na wengi huzaliwa bila hata kipande. Nikiangalia hivyo, dadangu kutaka kununua kile ambacho wenzake wamerithi ni haki yake kabisa. Hata akilipa. Tunalipa tuisheni, tunalipa mwalimu wa kuendesha gari. Kwa nini isiwe hii?

Lakini fomu za Marekani zina kitu ambacho KUCCPS haina. KUCCPS inakuuliza alama tu. Haijali kama unapenda mvua. Vyuo vingi vya Marekani vinapokea maombi kupitia mfumo uitwao Common App, na humo kuna insha isiyozidi maneno 650 ambamo mwombaji anajieleza. Hakuna jibu sahihi. Wanataka kusikia mtu. Mwishoni unathibitisha kwamba uliyoandika ni kazi yako mwenyewe na kwamba ni kweli. Kwa hiyo ajenti anapouza insha anauza kile kitu kimoja ambacho fomu inakuomba wewe ukitoe.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kila mtu wa rika langu Nairobi analijua. Sisi Wakenya tuna uzoefu mrefu wa kuandikia watu. Nenda Roysambu, nenda Kahawa, kuna nyumba ambazo taa hazikuzimwa kwa miaka, vijana wenye digrii wamekaa na laptopu wakiandika kazi za wanafunzi wa Marekani na Uingereza kwa sababu saa za huko ndizo saa za deni. Nina marafiki waliojengea wazazi nyumba kwa pesa hizo. Kuna hata filamu ya mwaka 2024, The Shadow Scholars, inayomfuata Patricia Kingori, profesa wa Oxford aliyezaliwa Kenya, akiwatafuta waandishi hao. Mwaka 2022 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria inayofanya kuwa jinai kutoa au kutangaza huduma kama hizo kwa wanafunzi wa England.

Rafiki yangu mmoja aliyefanya kazi hiyo miaka sita hukataa kuitwa mwizi. Husema, "Mimi niliuza maneno. Cheti alijipa mwenyewe." Nimebishana naye mara nyingi na sijawahi kumshinda kirahisi. Yeye alikuwa na akili na hakuwa na nafasi. Mteja alikuwa na nafasi na hakutaka kuitumia akili. Ukiangalia pesa zilivyotiririka, ni vigumu kujua nani alimdhulumu nani.

Sasa fikiria mzunguko wenyewe. Mkenya anayejua kuandika vizuri kuliko mwanafunzi wa Marekani anamwandikia huyo mwanafunzi. Halafu Mkenya mwingine, binti wa Eastlands anayejua kuandika, anaambiwa hawezi kuingia chuo cha Marekani mpaka aandikiwe na mtu mjini. Katika biashara hii yote sauti moja tu haina soko: ya mtoto mwenyewe.

Turudi kwa lile swali la nani amekufa. Niliomba dada anionyeshe kile ajenti alichomtumia kama mfano wa jinsi insha ya binti yake ingekuwa. Ilikuwa nusu ukurasa. Msichana anakulia kwenye kibanda cha mabati, anasoma kwa taa ya barabarani, baba amefariki akiwa mdogo, mama anafua nguo za watu. Kiingereza safi sana. Kwa hisia, ilikuwa kamili.

Mpwa wangu amelala na stima maisha yake yote, ukiacha siku za Kenya Power. Na babake yuko hai. Ni dereva wa lori, Mombasa hadi Malaba. Yeye na dadangu hawaishi pamoja tangu zamani, lakini karo ya miaka minne ya sekondari ilitoka kwake, nyingine ikitumwa usiku kutoka kwenye foleni ya mpaka. Kwenye karatasi ya ajenti mtu huyu alikuwa ameuawa, bila kujua, na karo yake ikapewa marehemu.

Nikamuuliza mpwa wangu anaionaje.

"Anko, kusema ukweli, yao ni nzuri kuliko yangu."

"Nzuri aje?"

"Inaliza mtu. Yangu haina kitu. Hakuna kitu mbaya imenifanyikia."

"Kwa hivyo tuitume?"

Akanyamaza kidogo. "Na baba akiisoma?"

Nimesoma vitabu kiasi kuhusu maadili, na bado sijapata kipimo kinachozidi hicho. Immanuel Kant, katika kijitabu chake cha mwaka 1795 kuhusu amani ya kudumu, alitoa wazo linalofanana nalo: tendo linalohusu haki za watu wengine, ambalo nia yake haiwezi kutangazwa wazi bila kujiharibu, si la haki. Kant alikuwa akizungumzia wafalme na mikataba yao. Binti wa miaka 18 aliligusa kwa kufikiria dereva mmoja wa lori akiwa amekaa na simu.

Basi chukua kila msaada uupitishe hapo. Nilimsaidia kujua vyuo gani hugharamia wanafunzi wa kigeni. Naweza kulisema hilo kwa chuo? Naweza. Nilimlipia mwalimu wa SAT. Naweza. Nilisoma insha yake nikamwambia aya ya tatu sijaielewa. Naweza, hata mwalimu wake wa Kiingereza angefanya hivyo. Nilimwandikia insha. Hapo sauti inakwama kooni. Nilimuua babake. Hapo hata huwezi kuanza sentensi.

Usidhani huu ni ugonjwa wa maskini au wa Waafrika. Machi 2019 waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki watu wapatao hamsini katika kesi iliyoitwa Varsity Blues. Katikati alikuwa mshauri wa kujiunga na vyuo, Rick Singer, aliyewauzia matajiri kile alichokiita mlango wa pembeni. Wengine walirekebishiwa majibu ya mitihani. Mwigizaji Felicity Huffman alilipa dola 15,000 kwa huduma hiyo kwa ajili ya bintiye, akahukumiwa siku 14 jela. Singer mwenyewe alihukumiwa miezi 42 Januari 2023.

Kinachonirudia akilini kuhusu kesi ile ni picha. Ili watoto waonekane wanamichezo, watu wa Singer walichukua nyuso zao wakazibandika kwa kompyuta juu ya miili ya wanariadha wengine. Mzazi analipa pesa nyingi ili mwili wa mtoto wake uondolewe kwenye picha. Tofauti na ajenti wetu ni bei tu. Kule walibandika uso wa tajiri kwenye mwili wa mwanariadha, huku walitaka kubandika uso wa mpwa wangu kwenye njaa ya mtu mwingine.

Na huyo mtu mwingine yupo. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Kuna binti mahali fulani ambaye kweli babake amefariki, kweli anasoma kwa taa ya barabarani, na ambaye hataki kuandika habari hizo kwa sababu ni zake na zina uchungu. Akiamua kuziandika, zitafika mezani kwa msomaji zikiwa nyuma ya kumi kama hizo zilizotungwa ofisini. Tukiuza shida tusizopata, tunazishusha bei kwa waliozipata.

Dadangu alinisikiliza yote haya, halafu akasema kitu ambacho siwezi kukiruka.

"Wewe unasema hivyo kwa sababu ulishafika. Una digrii, una kazi, una muda wa kufikiria mambo ya haki. Wenzake wanatumia ajenti. Wataenda. Wangu atabaki hapa na ukweli wake."

Sina jibu la kumaliza hoja hiyo. Siwezi kumuahidi kwamba ukweli utalipa. Vyuo vile vinakataa waombaji wengi kuliko vinavyokubali, na mtu mkweli anaweza kukataliwa kama mwongo alivyokubaliwa. Anayewaambia vijana kwamba uaminifu hushinda siku zote anawadanganya pia, kwa upole tu.

Ninachoweza kusema ni hiki. Tuseme insha ya ajenti inamwingiza. Anafika kule Januari, baridi kali, yuko peke yake, na kila aliyesoma faili lake anamjua kama yatima. Mshauri wa chuo anamuuliza anaendeleaje bila baba. Ataongea na babake kwa simu chini ya blanketi? Miaka minne ataishi na mtu aliyetungwa na ajenti, na huyo mtu ndiye aliyepewa nafasi. Nadhani hapa ndipo wizi mkubwa ulipo. Chuo kitapona na yule aliye nyuma kwenye foleni pengine atapata chuo kingine, lakini mtoto mwenyewe atakuwa ameambiwa, na mamake na mjombake, wakati ule anaanza kujijua, kwamba alivyo hatoshi. Na tumelipa ili aambiwe hivyo.

Dada aliniuliza basi yeye afanye nini. Hilo ni swali la haki, kwa sababu kumkataza mtu njia mbovu bila kumwonyesha nyingine ni uvivu. Tulikaa tukachambua kifurushi cha elfu 85. Sehemu kubwa ilikuwa vitu vya bure. Ubalozi wa Marekani hapa Nairobi una kituo cha EducationUSA, na ushauri wake wa msingi hautozwi pesa. Common App ina utaratibu wa kuomba kusamehewa ada kwa asiyeweza kulipa. Orodha za vyuo na misaada yao ziko kwenye tovuti za vyuo vyenyewe. Kilichobaki chenye thamani ya kununuliwa kilikuwa maandalizi ya SAT, na hayo tuliyatafutia mwalimu.

Insha tulifanya Jumamosi, na tuliweka sheria moja: mkono wangu hautagusa kibodi. Mimi nauliza, yeye anaandika. Mara ya kwanza alileta ukurasa wenye maneno makubwa ya kutaka kubadilisha bara. Nikamuuliza asubuhi hiyo alifanya nini kabla ya kuja. Alikuwa dukani. Alifanya nini dukani? Aliandika deni. Vipi? Akaanza kunieleza daftari la mamake, jinsi wateja wanavyoandikwa bila majina: Mama Twins, Fundi wa Kofia, Yule wa Boda Nyekundu. Jinsi wote wanavyoandikwa kwa kalamu, isipokuwa mzee mmoja anayeandikwa kwa penseli. Alikuwa na miaka kumi na miwili alipogundua kwamba mwisho wa mwezi mamake hufuta.

"Hiyo," nikasema. "Uliniambia huna kitu."

Aliandika wiki nne. Ilianza na maneno 900 na zaidi, ikabidi akate. Nilimshauri aanze na mzee wa penseli. Akakataa, akasema ukimweka mwanzo anakuwa chambo, bora msomaji amkute pale alipo, katikati ya madeni ya watu wengine. Sikubaliani naye hadi leo. Insha ni yake.

Najua kuna msomaji anasema: kwani ChatGPT iko wapi? Iko, na ni ajenti asiyetoza. Mpwa wangu aliiuliza maana ya maneno fulani ya fomu za misaada ya kifedha, ikamsaidia, na hilo angeweza kulisema mbele ya mtu yeyote. Pia aliijaribu kwa insha, kwa udadisi. Ilimwandikia kuhusu nyanya mwenye hekima na mbuyu. "Anko, sisi hatuna mbuyu," aliniambia. Kipimo ni kilekile, awe ajenti ni mtu au mashine. Unaweza kulisema? Na ikiondoka, inakuacha ukijua kitu, au inakuacha na karatasi tu?

Bado kuna shimo kwenye kipimo changu, na nisipolionyesha nitakuwa nauza kitu kilichooza chini. Kuna familia hapa Nairobi zinazolipa mshauri halali kabisa, wa miaka miwili, anayefanya kila jambo kwa uwazi. Wanaweza kulitangaza kanisani. Kipimo cha "unaweza kulisema" wanakipita bila jasho, na bado mtoto wa shule ya kutwa ameachwa nyuma palepale. Uwazi hautoshi kuwa haki. Mtoto aliyesaidiwa kwa njia halali hana hatia, lakini ana deni.

Deni hilo kuna watu wameonyesha jinsi linavyolipwa. KenSAP ilianzishwa mwaka 2004, kazi ya mwanariadha na msomi Mike Boit na mwandishi wa Marekani John Manners, ikianzia kule Iten. Ilichukua vijana waliofanya vizuri KCSE ambao wasingeweza kulipa mtu, ikawafunza SAT, ikakaa nao kwenye fomu na insha, na wengi wakaingia vyuo ambavyo matajiri wa kesi ya Singer walikuwa tayari kufungwa kwa ajili yake. Zawadi Africa, iliyoanzishwa na Susan Mboya, binti wa Tom, imefanya hivyo kwa wasichana, ikifuata wazo la zile ndege za babake. Ni msaada kutoka nje, tena mwingi. Hakuna anayehitaji kuuficha.

Lakini mipango kama hiyo huchukua wachache, wenye gredi za juu sana. Mwenye C+ ya Kayole anayetafuta kozi ya kawaida kwenye KUCCPS hatachukuliwa na yeyote. Huyo ni wetu. Tovuti ikifunguliwa, ana wiki chache tu, na huenda wewe ndiye mtu pekee anayemjua ambaye anaelewa pointi zinahesabiwa vipi. Haihitaji shirika. Maktaba ya Makadara na ya Kaloleni zina meza na viti. Jumamosi moja inatosha watoto watatu, ukiwauliza wanapenda nini kabla ya kuuliza walipata nini.

Mpwa wangu alijaribu hivyo na mvulana wa ploti yao, aliyekuja na simu na karatasi ya matokeo. Mvulana akamsukumia simu, akamwambia, "Niwekee tu yoyote, wewe ndiye unajua." Akairudisha. Wakakaa kwenye ngazi za duka karibu saa mbili wakisoma kozi moja moja, wateja wakiwaruka, na mvulana akabadilisha mawazo mara nne kabla hajabonyeza.